Posa ya Shangazi na Ndege wa Midomo Laini

Juzi jirani yangu kaniletea kwezi ndani ya tenga. Kaingia anatabasamu kama mtu aliyebeba nyama ya Idi. "Shikamoo bibi. Nimesikia kwenu zamani mlifuga ndege, nikasema huyu atakuliwaza." Marahaba, nikamwambia, na huyo kiumbe mrudishe ulikomtoa kabla hajafungua tumbo kwenye mkeka wangu. Akacheka, akidhani ni utani. Hajamaliza kucheka, kwezi akafungua tumbo. Kwenye mkeka. Palepale.

Mimi ni mtu wa nyumbani, rafiki yangu. Wenzangu niliosoma nao wamefika Dar es Salaam, Mombasa, wengine Makka. Safari yangu ndefu kuliko zote ni Mombo, na huko nako nilirudi siku ileile kwa sababu ya joto. Kwa hiyo mambo ninayoyajua ni machache. Ila ukija kwenye habari za kufuga ndege nyumbani, kaa, nikuhadithie, halafu uniambie kama utamtaka wa bure.

Kwetu ni juu kidogo ya Lushoto, pale mteremko unapoanza kujiuliza kama uendelee kuwa mteremko au uwe ukuta. Migomba huku, mapera kule, ukungu kila mahali. Zilikuwa enzi za Mwingereza, na baba yangu alikuwa msimamizi wa bustani ya miche ya Bwana Miti. Ndivyo tulivyomwita yule mzungu wa misitu. Jina lake la kwao lilikuwa refu na halikuwa na faida kwa mtu. Huyu Bwana Miti alikuwa na kibanda kikubwa cha waya nyuma ya nyumba yake, ndani kimejaa ndege wa milimani. Siku alipopata uhamisho akamwita baba, akamuuliza kama anawapenda wale ndege.

Baba akajibu, "Ndiyo, Bwana."

Sikiliza vizuri hapo, maana ndipo tulipoponzeka. Baba hakuwa amesema anawapenda. Alikuwa amesema "Ndiyo, Bwana," jibu alilompa mzungu kwa kila swali: kama miche imemwagiwa, kama mvua itanyesha, kama ameelewa. Jumamosi ile wanaume kumi na kitu wakashuka na kibanda mabegani kama watu wanaohamisha msikiti, wakakitua katikati ya uwanja wetu, hatua chache kutoka jiko la mama. Mama alitoka na mwiko mkononi. Akakitazama. Akamtazama baba.

"Ni zawadi," baba akasema. "Zawadi haikataliwi."

"Ukipewa ng'ombe," mama akasema, "kubali na mavi yake." Akarudi jikoni. Maneno hayo tuliyasikia tena na tena kwa muda wote ndege walipokuwa kwetu, asubuhi na jioni, kama adhana.

Bwana Miti alikuwa amemweleza baba kwamba hawa ni ndege wa midomo laini. Maana yake si kwamba hawaumi. Kidole changu hiki cha shahada kina kovu la hondohondo, yule wa mdomo mkubwa kama panga. Maana yake ni kwamba hawana mdomo wa kuvunjia mbegu. Hawali nafaka. Wanakula matunda na wadudu. Bila shaka Bwana Miti alieleza na chakula chenyewe, kila kimoja na saa yake, lakini baba wakati ule alikuwa ameshughulika kusema ndiyo. Basi akawamwagia mtama, kama afanyavyo kila mtu aliyelelewa na kuku. Ndege wakautazama mtama. Mtama ukawatazama ndege. Siku chache baadaye shore wawili wakaanguka kutoka kwenye kijiti, wakafa, na baba akashika kichwa.

Aliyetuokoa, kama neno ni hilo, ni shangazi. Shangazi alikuwa mdogo wake baba, akikaa nasi, nami nikilala naye chumba kimoja. Alikuwa anapita karibu na waya akila ndizi, kulukulu akatoa shingo, akamnyang'anya ndizi yote. Huyo kulukulu, kama hujamwona, ni ndege wa kijani mkubwa kama kuku mdogo wa kienyeji, ana ushungi kichwani, na akikunjua mbawa unakuta nyekundu ya ajabu imefichwa ndani. Mzuri, sikatai. Mchafu kuliko wote, hilo nalo sikatai.

"Kaka!" shangazi akapiga kelele. "Ndege wako si wagonjwa. Wana njaa na tabia mbaya."

Tangu siku hiyo papai lililoiva halikuwa letu tena. Ndizi mbivu hazikuwa zetu. Mapera tuliyachuma sisi, wakala wao. Asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kukamata panzi, na asubuhi za kwetu unazijua: nyasi zimelowa, vidole vimekufa ganzi. Uzuri wake ni kwamba panzi naye kafa ganzi, unamwokota kama kuni. Kisha baba akakumbuka kwamba Bwana Miti alikuwa akiotesha funza. Akaning'iniza kichwa cha mbuzi ndani ya debe lililotobolewa chini, ili funza wakinenepa wadondokee kwenye sinia. Alilining'iniza upande wa jikoni kwa sababu kule upepo hauvumi sana. Mama alipika siku tatu na kanga imefungwa puani kama mtu anayevamia benki, siku ya nne debe likahama.

Sasa nikuambie jambo ambalo wauza ndege hawakuambii. Kinachoingia laini hutoka laini. Tena hakidondoki, kinarushwa. Ndege wa mtama anakuachia kitu kikavu, unafagia unakwenda zako. Huyu wa papai anageuza mgongo kwenye waya, anainua mkia, na ukuta ulio mbali nawe unapata habari. Mama alikuwa amepaka ukuta wa nyumba udongo mweupe, kazi ya mikono yake, watu wakipita njiani wanausifu. Kufika masika ulikuwa na michirizi ya rangi ambazo sijaziona tena mpaka nilipoona vitenge vya Kongo. Nzi wakaja. Baada ya nzi wakaja siafu, wakapanda kibanda, tukawazungushia majivu huku tunarukaruka na kujipigapiga miguu. Kulikuwa pia na vindege vidogo vya manjano, vina duara jeupe jichoni kama vimevaa miwani, vikawa vinapungua. Baba akamshuku paka wa jirani, wakanuniana naye. Paka alikuwa hana kosa. Siku moja tukamkuta hondohondo amefumba macho kwa ustaarabu, na mguu mdogo umechomoza pembeni mwa mdomo.

Kipupwe kilipobana, baba akaamua kulukulu ataganda. Akamhamishia ndani. Ndani wapi? Chumbani kwetu, mimi na shangazi. Alfajiri, kabla hata mwadhini hajakohoa, yule ndege alikuwa akianza, kru, kru, kru, mpaka mabati yanaitika. Shangazi alikuwa akivuta blanketi kichwani na kusema, "Wenzangu wamepewa waume. Mimi nimepewa kulukulu."

Alisema kwa mzaha, ila mzaha ule ulikuwa na mwiba ndani. Wa rika lake wote walikuwa na watoto. Yeye posa yake ya kwanza iliyokaribia kutimia ilitoka Mlola, na ilifia uwanjani kwetu. Mshenga alikuwa mzee wa heshima, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Alisimama kidogo karibu na kibanda kustaajabia. Alipogeuka kwenda kuswali adhuhuri, mgongoni alikuwa na papai lote la asubuhi. Kwetu sisi hiyo ni najisi, huswali nayo. Tukamfulia kanzu na yeye ndani yake, akaswali amelowa, anatetemeka, chai hakuigusa. Mlola hawakurudi.

Basi ilipokuja habari kwamba watu wa Soni wanataka kuleta posa, nyumba nzima ilitembea kwa vidole vya miguu. Maana huyu wa Soni shangazi alimtaka. Alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani mwa duka karibu na soko. Shangazi hakusema neno, lakini mimi nililala naye, nilijua. Alikwisha kwenda Soni mara kadhaa kurekebishiwa gauni moja ambalo halikuwa na hitilafu yoyote. Likirudi limebanwa, anasema limebana. Likirudi limeachiwa, anasema linapwaya. Usiku anakaa anapapasa mshono kwa kidole gumba.

Mama akamwita baba. "Baba watoto, mwaka huu nachagua mimi. Hicho kibanda kiondoke, au posa iondoke."

"Ukiwahamisha ghafla watakufa."

"Na wifi yangu akikaa hapa mpaka azeeke, yeye hatakufa?"

Lakini uelewe, wakati huo alikuwa amekwisha kunogewa. Watu walikuja Jumapili kutoka hata Mlalo kutazama ndege wake. Walimwita mwenye ndege, naye akaitika. Wakabishana mpaka wakafikia suluhu ya kipumbavu kama suluhu zote za mke na mume. Kibanda kitafunikwa turubai, ndege wadhani ni usiku. Lakini kulukulu peke yake atawekwa kwenye tenga safi mlangoni, wageni wakiingia wamwone, wajue nyumba hii si ya hivihivi.

"Kama ni hivyo," mama akasema, "ataoshwa."

Siku ya siku ilifika. Baba alishuka mjini kutafuta sukari. Mama akaleta beseni, shangazi akamshika ndege miguu, mimi nikamshika kichwa. Papai lilikuwa limemkaukia mbawani kama gundi. Maji matupu hayakulitoa. Mama akafanya alilolifanya kwa kila kitu kigumu duniani: akatia magadi. Magadi yanalainisha maharage, yanatoa mafuta kwenye sufuria, kwa nini yasitoe papai? Akakoroga, akakunjua bawa, akasugua.

Maji yakawa mekundu.

Hayakuwa na wekundu wa kutia shaka. Mekundu kama machinjioni. Mama akasita, akasugua tena taratibu, yakazidi. Mikono yake mpaka vifundoni ilikuwa myekundu. "Yoo," akasema kwa sauti ndogo, "nimemchuna." Kulukulu mwenyewe alikuwa anatutazama tu, kwa dharau.

Na hapo ndipo tulipowasikia wageni wakibisha hodi. Lori la Soni, ambalo maisha yake yote lilichelewa, siku ile lilikuwa limewahi.

Shangazi aliruka ndani, maana mposwa haonekani. Hiyo ndiyo desturi: unakaa chumbani, unasikiliza mlangoni, ukiulizwa unanyamaza na kunyamaza kwako ndiyo jibu. Wakaingia wazee wawili wenye kanzu na bibi mmoja mnene wa kanga mpya, ambaye ndiye mama mzazi wa fundi. Wakatukuta mama na mimi tumechuchumaa mbele ya mlango, katikati yetu beseni la damu.

Mzee wa mbele akasimamisha mkongojo. Salamu ilimwishia mdomoni nusu. "Mama, kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu baba, shikamoo, karibuni," mama akasema. "Namwosha ndege."

"Unamwosha kwa kisu?"

Mama angeweza kujieleza, ila kwa bahati yetu baba akatokea njiani na sukari yake. Aliona beseni. Hakuona wageni. Akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya bonde: "Umemuua! Mke wangu, umemuua!"

Kwetu damu mlangoni siku ya posa haihitaji mtabiri. Ama kuna kafara inafichwa, ama kuna nyumba isiyopatana, na binti wa nyumba kama hiyo unamwacha kwao. Yule mzee wa mkongojo alisema kwa upole, na upole ndio uliotisha: "Tumekuja kuposa, tumekuta msiba. Tutakuja siku nyingine." Wote tulijua maana ya siku nyingine, hata mimi niliyekuwa mtoto. Siku nyingine ni Mlola. Wakageuka. Wakaanza kushuka.

Mlango ukafunguka. Shangazi akatoka.

Akatoka vilevile alivyokuwa, mikono imelowa, unyoya kwenye nywele, gauni lile la Soni limenata mwilini. Mama akamfanyia ishara ya jicho arudi. Hakurudi. Akamchukua kulukulu kutoka mikononi mwangu, akakimbilia wageni, akawazunguka akasimama mbele yao njiani.

"Shikamoo wazee wangu. Shikamoo mama. Nisameheni, najua sitakiwi kuonekana. Lakini mkienda hivi mtakwenda na uongo." Akakunjua bawa. "Tazameni. Nyoya ni jekundu. Chini yake ngozi hii hapa, nzima. Yuko wapi aliyechinjwa? Tieni kidole. Mkipata jeraha, nendeni salama. Msipolipata, rudini mnywe chai, nimeipika mwenyewe."

Wazee wakatazamana. Hakuna aliyetaka kutia kidole, wote walikuwa na udhu. Mama wa fundi ndiye aliyesogea. Alikuwa mama wa cherehani, mtu wa vitambaa. Akalishika nyoya kati ya vidole viwili kama anayepima doti ya kanga dukani, akalisugua kwa pembe ya leso yake nyeupe. Leso ikawa nyekundu. Akainusa. Akapapasa ngozi. Akawageukia wazee.

"Mh!" akasema. "Anachuja."

Halafu akaongeza, kwa uchungu wa mtu aliyewahi kupunjwa: "Kama zile kanga za yule muuzaji wa Mombo."

Aliyecheka wa kwanza ni yule mzee wa pili, ambaye nilidhani hajui kucheka. Kulukulu, kuona watu wamefurahi, akainua mkia kuelekea kanzu. Ulikuwa muda wa kufumba macho tu. Shangazi akaweka kiganja. Akakidaka chote, akafunga mkono, akaendelea kuwatazama wazee kama hakuna kilichotokea.

"Huyu," mama wa fundi akasema, "ameshazoea ya watoto." Akamshika kiwiko, ule mkono mwingine, wakapanda wote kurudi kwenye chai.

Posa ilipita. Wageni walipoaga, yule mzee wa mkongojo alimwambia baba neno moja tu: siku ya arusi angependa kumaliza swala na kanzu yake ikiwa nyeupe. Shangazi naye hakuomba chochote. Labda angeomba, baba angebisha. Hakuombwa, akashindwa pa kubishia. Wiki ya arusi baba alifungua mlango wa kibanda, akasimama pembeni na kofia mkononi. "Haya," akawaambia.

Unadhani waliondoka? Waende wapi, na papai liko hapa? Walitoka nje, wakapanda juu ya paa, wakakaa. Arusi ililiwa chini ya turubai, na pilau ya wazee ilipita imefunikwa ungo. Mama alisimama uwanjani akapiga makofi mpaka viganja vikamuuma. "Mgeni njoo," alikuwa akiwaambia waalikwa kwa meno, "lakini pitia nyuma." Ndege wale walituganda kwa miezi, walinzi wasio na mshahara wala choo. Halafu matunda ya mkuyu yakaiva kule kijitoni, na mmojammoja wakaanza kulala nje. Kulukulu alikuwa wa mwisho. Nyoya zake zilizopauka zilikwisha pukutika, zimeota nyingine, nyekundu kuliko zile za kwanza. Baba akasema ni kwa sababu ya matunzo yake.

Leo mkuyu ule haupo, ulikatwa mbao za kumwagia zege. Waya wa kibanda uliishia kwenye mabanda ya kuku ya watu wengine. Kulukulu ukimtaka lazima upande mpaka msitu wa juu, nami nimekwishakuambia habari zangu na safari. Shangazi alizaa Soni watoto wengi, wote wana sauti kubwa, na amelala hukohuko, karibu na mumewe. Baba na mama wako hapa nyuma ya nyumba. Mimi nimebaki na ukuta mweupe usio na doa, na kila nikiutazama naona hauna kazi ya kufanya.

Lakini ukiniuliza ni lini hasa nilianza kuona kwamba vitu huondoka, nitakuambia ni asubuhi moja tu. Kulukulu alikuwa hajarudi usiku ule. Nilikuwa nalala peke yangu chumba kizima, kitanda cha shangazi kimetandikwa hakina mtu. Nilipoamka mwenyewe, bila kru, jua lilikuwa limeshapenya migomba. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ameshika ufagio, na chini hakuna hata jani.

"Kumesafika mno," akaniambia, kwa sauti ileile aliyokuwa akilalamikia uchafu.

Nilifika shule wenzangu wamekwisha ingia darasani. Mwalimu akaniuliza sababu ya kuchelewa. Nikatafuta, nikakosa nyingine. "Kwetu kumenyamaza, mwalimu," nikasema.

Alinichapa. Simlaumu. Jibu la namna hiyo hata mimi ningelichapa.